Magurudumu ya Mbele

Mahamudu alikuwa kinyozi wa Kabambare. Mtoto wa Kiislamu akifikisha siku ya saba, ni yeye aliyeitwa kumnyoa nywele za kuzaliwa, na hakuna mtoto aliyewahi kutoka mikononi mwake na mchubuko. Jambo hilo alilijua, na alipenda wengine nao walijue. Lakini tangu Ramadhani mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Wateja wakubwa aliwanyoa kwa mashine, akisema wembe umepitwa na wakati, yeye aliyekuwa akiapa kwa wembe! Hakumwambia mtu, hata mkewe Safia.

Ndiyo maana aliamua kuuza kigari chake. Kilikuwa kigari kidogo cha mashindano, kinachoendeshwa kutoka mbali kwa telekomande, ambacho fundi mmoja wa machimbo ya Salamabila alimwachia alipoondoka. Kwa miaka mingi Mahamudu alikikimbiza uwanjani baada ya sala ya Ijumaa, na watu wazima wenye heshima zao wakasahau njia ya nyumbani. Sasa hakikunyooka tena, naye alijua kwa nini.

Mnunuzi alikuja upesi kuliko alivyotaka. Alikuwa Ayoubu, muuza vitenge, ambaye alikuwa hajawahi kushika telekomande maishani. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kesho ilikuwa siku ya saba. Mahamudu ndiye angenyoa, kama alivyomnyoa Ayoubu mwenyewe. Hilo halikuhitaji hata kuulizwa.

Ayoubu alikuja na masomo aliyopewa kwa simu. Binamu yake Abedi, anayeshindana huko Kasongo, alikuwa amemfundisha jinsi ya kukagua kigari kilichotumika. Akakipindua, akatikisa magurudumu kusikia kama yamelegea, akabonyeza springi, akanusa batri. Kunusa hakukuwa kwenye masomo, alijiongezea.

"Sasa washa, baba. Nione kama inaenda muzuri."

Mahamudu akawasha. Kigari kikatoka, magurudumu ya mbele yakitikisika kushoto na kulia, na alama zake zikajipindapinda vumbini.

"Abedi aliniambia niangalie ile," Ayoubu alisema kwa upole. "Magurudumu ya mbele ikitetemeka, ile mutambo ya kukata kona imekufa. Haiko neno, baba. Unipunguzie tu, nitatengeneza."

Mlangoni Safia alikuwa akipepeta mchele. Mahamudu alipata nafuu kubwa, kisha akaionea haya nafuu ile. Angeitikia tu, basi. Lawama ingebebwa na kigari, na kesho angeinama na wembe juu ya utosi wa mtoto, ule utosi laini unaopanda na kushuka kwa pumzi. Aliuona.

"Shika wewe," akasema, akimpa telekomande.

Ayoubu akabonyeza kwa pupa, kigari kikaruka na kugonga ukuta. Akakiweka sawa, akajaribu tena taratibu. Kikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa ua, kikaacha mstari mmoja ulionyooka.

Akautazama mstari ule. Akaitazama mikono ya Mahamudu, kisha akainamisha macho haraka.

"Gari iko muzima," alisema. "Nitalipa bei yote. Na kesho asubuhi... tunakungoja, baba."

Hakika angengoja. Angemleta mwanawe chini ya wembe, moyo ukimdunda, kuliko kumvunjia mzee heshima. Hilo lilimchoma Mahamudu kuliko dharau yoyote.

Akaingia ndani, akatoka na wembe uliofungwa kitambaani, akauweka juu ya kigari.

"Hii nayo iende na wewe. Kesho utamunyoa mutoto wewe mwenyewe. Miye nitakaa pembeni, nikuambie pa kupitisha."

"Baba, miye sijashikaka wembe ya kunyoa mutoto."

"Hata telekomande ulikuwa haujashika."

Mlangoni, ungo ulikuwa umenyamaza. Mahamudu hakugeuka. Aliiacha mikono yake itetemeke hapo hapo, mbele ya mkewe, bila kuificha.