Busan kwa Firigisi

Kuna watu husamehe wakasahau, na kuna Zilpah binti Andati wa Musanda. Zilpah alikuwa bado anamkumbuka mtoto aliyemkanyaga kidole chekechea, sembuse Mark. Na kabla hujamlaumu, sikiliza kwanza habari ya firigisi.

Kwao mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na kuku huyo ana sehemu moja isiyogombaniwa. Ni firigisi, imondo kwa lugha ya nyumbani. Ni ya baba mwenye boma. Lakini akija kijana anayetaka kuwa mkwe, baba huichukua kwa mkono wake mwenyewe akamwekea kwenye sahani, na kijana akaelewa kwamba amepokelewa. Mapaja yana wenyewe, mabawa yana wenyewe, shingo ina mwenyewe. Miguu ni ya watoto, na huenda kuiguguna nyuma ya jiko. Mtu wa huko anaweza kusahau siku aliyobatizwa, lakini hasahau alipewa sehemu gani ya kuku na nani alikuwa akitazama.

Basi Agosti ya mwaka uliopita, Mark alisema anakuja Musanda kujitambulisha. Walikuwa wanasoma pamoja chuo kikuu pale mjini Kakamega na wamependana tangu mwaka wa kwanza. Aliahidi mwenyewe, hakuna aliyemshika koo. Andati akafyeka njia kutoka barabarani hadi mlangoni. Shangazi Awinja akaja kutoka Mukumu na sufuria zake, kwa kuwa haamini sufuria za watu. Jogoo mwekundu aliyekuwa akiringa uani akachinjwa. Obusuma, ndio ugali wa kwao, ukasongwa, ukafunikwa, ukapoa, ukasongwa mwingine. Mark hakutokea. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Jioni binamu mmoja akafungua WhatsApp, kisha akampa Zilpah simu. Mark alikuwa Kisumu kando ya ziwa, mkono mmoja umemkumbatia Cindy, msichana wa chuo chao, mwingine umeshika samaki, na kinywa chote kiko wazi kwa kicheko.

Firigisi ilikuwa kwenye kisahani, imefunikwa, na Andati alikataa isiliwe na yeyote, kwa sababu kitu kilichotengwa kwa jina la mtu hakirudi chunguni. Asubuhi mbwa akaipata. Kufikia Jumapili Zilpah alikuwa na jina jipya, Imondo. Vijana wa kukata miwa walilitaja kwa kicheko, na akina mama wa kanisa walilitaja kwa huruma, na ni hao wa huruma waliomuumiza zaidi. Wiki iliyofuata Mark alituma ujumbe: pole, kulitokea kitu. Kitu! Zilpah aliusoma mpaka akaujua kwa moyo, kisha akakaa kungoja zamu yake. Hasira hasara, husema watu ambao hawajakasirishwa. Yeye alishika ule msemo mwingine, kwamba kutesa ni kwa zamu.

Zamu ilikuja kwa njia ya masomo. Idara yao ya kilimo ilipata nafasi mbili za kubadilishana wanafunzi na vyuo vya Asia kwa muhula mmoja. Nafasi moja ilikuwa Busan, Korea Kusini, na nyingine Khon Kaen, Thailand. Kanuni ilikuwa rahisi. Wanafunzi wawili bora wanakwenda, wa kwanza anachagua mji, wa pili anachukua unaobaki. Matokeo yalipotoka, wa kwanza alikuwa Zilpah. Wa pili alikuwa Mark.

Sasa, hakuna asiyejua Zilpah alikuwa anautaka mji gani. Khon Kaen imezungukwa na miwa. Alikuwa ameitazama kwenye simu, akaona mashamba yamenyooka mpaka macho yanachoka, akajiona kama yuko Musanda ila matuta yamepangwa vizuri zaidi. Baba yake, baada ya miaka mingi ya kuuza miwa na kubaki na majani, alikuwa ameanza kuchemsha maji ya miwa mwenyewe nyuma ya nyumba ili atengeneze sukari nguru. Kila mara iliungua. Ilitoka nyeusi, chungu, na aliila mwenyewe kwa ukaidi akisema inafaa kwa uji. Zilpah alimwahidi kwamba atakwenda huko wanakojua kazi hiyo, arudi amfundishe. Andati alikuwa amewatangazia watu wote sokoni, hata wale ambao hawakuuliza.

Na hakuna asiyejua Mark alikuwa anautaka mji gani. Kijana alikuwa mgonjwa wa Busan. Alijifunza Kikorea kwa kutazama filamu za mfululizo, akawa anawainamia wapishi wa mkahawa wa chuo wakimpa chapati. Alikata nywele kama waigizaji wa huko. Aliandika jina la mji huo kwa herufi za Kikorea kwenye kifuniko cha kompyuta yake, na ukimwuliza maana yake alikueleza mpaka unajuta.

Aliyesimamia mpango huo alikuwa Bi Cherop, mama mpole asiyependa mambo kuchelewa. Aliwaita wote wawili ofisini asubuhi moja, akawaambia majina yatapelekwa Ijumaa ya wiki itakayofuata. Kabla ya hapo wanaweza kubadilishana wakipatana, lakini ni lazima waje pamoja, kila mmoja akubali mbele yake. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Kisha akamgeukia Zilpah na kumwuliza amechagua wapi.

Zilpah alikuwa amekuja na Khon Kaen mdomoni. Nakuapia, herufi ya kwanza ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ni Mark aliyeharibu. Alijinyoosha kitini akamwambia Bi Cherop, "Madam, huyu hata usimwulize. Huyu ni wa miwa. Sisi wengine ndio wa bahari." Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha Kisumu, kinywa wazi, samaki tu ndiye aliyekosekana.

"Busan," akasema Zilpah.

Kicheko kilikatika. Bi Cherop aliuliza kama ana uhakika, Zilpah akasema anao, na ikaandikwa. Mark alimtazama Bi Cherop, akamtazama Zilpah, akafungua mdomo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, pengine hata kwa Kikorea, na hakuna lugha iliyomsaidia. Zilpah alitoka akiwa mwepesi. Aliteremka mpaka karibu na msitu, akanunua mahindi ya kuchoma, akayala amesimama, na kila punje ilikuwa tamu. Usimwonee haya. Hata wewe ungeyafurahia mahindi hayo.

Jumapili alikwenda nyumbani kuaga. Andati alichinja kuku, safari hii kwa ajili ya mwanawe, jambo ambalo wazee wa zamani wangelitemea mate, kwa kuwa zamani mwanamke hakula kuku kabisa. Shangazi Awinja alikuwepo na sufuria zake. Chakula kilipowekwa, Andati aliichukua firigisi kwa vidole, akaunyoosha mkono kuelekea sahani ya Zilpah. Zilpah alihisi machozi. Tangu Agosti ile hakuna aliyetaja neno hilo ndani ya nyumba, na sasa baba alikuwa analifuta kwa mkono wake.

Mkono ukasimama hewani. Andati alitaka kwanza kusikia habari za huko.

"Hiyo miwa ya huko," akauliza, "wanaipandanga mwezi gani?"

Zilpah alieleza kwamba mji umebadilika. Anakwenda Busan, mji wa bahari, mji mkubwa. Hapana, miwa haiko. Alieleza haraka, akaeleza na uso wa Mark ulivyokuwa, akitarajia kicheko. Shangazi Awinja alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Huko Busan ndiko yule kijana alitaka kwenda?" akauliza Andati.

"Ndiyo, baba. Nimemnyang'anya."

Andati aliirudisha firigisi kwenye kisahani, akaifunika.

"Basi hata leo tumempikia yeye," akasema.

Waliendelea kula, na obusuma ulikuwa mgumu kumezeka. Zilpah aliona aibu iliyopita ile ya Agosti. Ya Agosti aliletewa, lakini hii ameipika mwenyewe. Hata hivyo, na hapa ndipo utamjua, hakumsamehe Mark hata chembe. Alimchukia zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa amemchukulia na miwa ya baba yake.

Jioni hiyohiyo akiosha vyombo, simu ikalia. Alikuwa Mark, na sauti yake ilikuwa imeshuka bei.

"Zilpah, si tubadilishane tu? Wewe hata hukuwa unaitaka Busan. Mimi huko Thailand nitaenda kufanya nini na miwa?"

Zilpah aliweka sufuria chini. Angeweza kukubali papo hapo, kila mtu apate chake. Watu wazuri wangefanya hivyo, na Mungu awabariki. Lakini Mark angepata Busan kwa simu, amelala kitandani, kama alivyokosa kuja Musanda akiwa ameketi Kisumu. Akamwambia aje nyumbani Alhamisi, aombe mbele ya baba yake. Mark akasema kwa nini wasimalizie kwa simu, ni jambo dogo.

"Siku ile baba hakupikia simu," akasema Zilpah. "Alipikia mtu." Akakata.

Halafu hofu ikamshika. Kama Mark haji, Khon Kaen imekwenda, sukari ya baba itaendelea kuungua, na kijiji kitampa jina lingine juu ya lile la kwanza. Alimweleza baba yake. Andati akauliza kama anataka achinje tena kwa ajili ya huyo huyo. Zilpah akasema achinje. Shangazi Awinja alipopigiwa simu alisema wazi, "Mimi huwanga sipikii aibu moja mara mbili." Lakini Alhamisi alikuwa wa kwanza kufika, na sufuria zake.

Mchana uliingia. Obusuma ukasongwa, ukafunikwa. Zilpah alikaa kwenye kiti kilekile akiangalia njia ileile, ambayo safari hii hakuna aliyeifyeka. Majirani, ambao kwa kawaida wana kazi, siku hiyo wote walikuwa na haja ya kupita. Obusuma ukapoa. Awinja alikuwa ameshika unga wa kusonga mwingine aliposema, bila kugeuka, kwamba anaona viatu vyeupe.

Alikuwa Mark. Viatu vyeupe vilikuwa vimeshapakwa tope la Musanda mpaka juu, na mkononi alibeba mkate na pakiti ya sukari, sukari ya dukani, kwa mkulima wa miwa. Awinja aliipokea kwa mikono miwili na kuisifu mno.

Andati alimketisha, akamwambia aseme. Mark alisema habari za Busan, vizuri sana, kama mtu aliyejizoeza njiani. Andati alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Agosti?" akauliza.

Mark alitazama viatu vyake. Alisema alikosea, mzee, alikuwa mtoto, anaomba msamaha. Huenda kuna neno moja la kweli ndani yake. Mengine yalikuwa ya Busan, na kila aliyekuwa ndani alijua.

"Hayo yamesikika," akasema Andati. "Tule kwanza. Kesho mtaenda kwa huyo mama wa ofisi, kama bado mwataka."

Maji ya kunawa yakapita. Sala ikasemwa, fupi. Kisha Andati akavuta bakuli la kuku na kuanza kugawa mwenyewe. Sahani ya mgeni ilitangulia, kama ada inavyotaka. Akakata obusuma mkubwa, akamwagia mchuzi, wala hakumnyima mchuzi. Halafu akachagua taratibu ndani ya bakuli, akatoa mguu mmoja, akaulaza juu ya obusuma. Akatafuta, akautoa wa pili, akaulaza kando yake, kucha zimeelekea kwa Mark.

Shangazi Awinja alikohoa. Nyuma ya jiko mjukuu wake alianza kulia kwamba miguu yake imeliwa na mgeni, akanyamazishwa, akaendelea. Mark alikuwa mtoto wa Lurambi, amelelewa na kuku haohao, hakuhitaji mkalimani. Uso ulimbadilika mara kadhaa. Mlango ulikuwa wazi, njia ilikuwa inaonekana, na angeinuka hakuna ambaye angemzuia. Lakini upande wa pili wa njia hiyo hakukuwa na Busan. Aliinamisha kichwa, akakata tonge.

Ndipo Andati akaichukua firigisi. Mark aliitazama ikiinuka, na nadhani hata wakati huo kulikuwa na matumaini kidogo ndani yake, maana binadamu hakomi. Ilimpita karibu na pua. Ikasimama juu ya sahani ya Zilpah.

"Huko unakoenda sasa," akauliza Andati, "miwa iko?"

"Iko, baba. Imezunguka mji wote."

"Basi kula."

Zilpah aliitia mdomoni nzima. Aliitafuna polepole akimtazama Mark, na hakuimeza mpaka Mark alipoinua mguu wa kwanza akauuma kwenye kucha.