Mgane wa Redioni

Mjomba alibana ncha za shuka kwenye mlango wa kabati, akarudi nyuma hadi likakaza, akaanza kulikunja peke yake. Likamponyoka. Akalibana tena, na safari hii akamgombeza marehemu mkewe, kwa sauti ya kumsemesha mtu aliye chumba cha pili: "Umekwenda zako, umeniachia mashuka."

Nilikuwa sebuleni, namwona kupitia mlango ulio wazi, nasubiri chakula cha Jumapili. Kwake ndipo mahali pekee nilipokuwa nakula na mtu. Hakujua kama nimesikia.

Siku zile nilikuwa nimekwama. Niliandika mchezo wa redio wenye mgane mzee, nami binti mbichi, sijaolewa, sijazika mtu, naishi chumba ambacho kicheko kikisikika basi ni cha jirani. Nikamliza mzee wa watu kila ukurasa. Mtayarishaji akanirudishia karatasi akicheka.

"Dada, huyu hamlilii mke. Analia kama msichana aliyetoswa na mchumba."

Ilinichoma, maana kilio kile kilikuwa changu.

Basi nikafuta machozi yote. Nikampa mgane wangu shuka, kabati na hasira.

Mchezo uliporushwa, mama alinisimulia baadaye, mjomba alikuwa kwenye cherehani na wateja wamemzunguka. Mmoja wao, hana hili wala lile, akasema mwandishi huyu lazima amefiwa. Mjomba akazima redio, akaendelea kushona.

Jumapili iliyofuata alinizuia mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Ulikuwa unakuja kunitembelea au kunichungulia?"

"Nilikuja kula, Mjomba. Nikaona."

"Haya, niombe radhi uingie. Chakula kinapoa."

Neno moja tu, nami ningeketi. Lakini yule mgane alikuwa mtu wa kwanza kutoka mkononi mwangu ambaye hakuwa mimi. Kumwombea radhi ilikuwa kumkana.

"Ile hasira ni ya kweli," nikasema. "Na mimi sikuicheka."

Akatoa mkono kwenye fremu. Kisha akafunga mlango polepole, bila kishindo, na hicho ndicho kilichoniuma.

Miaka imepita. Mama hachoki kunipigia simu: mjomba wako anazeeka, mwanangu, lainika, samahani haivunji mfupa. Namsikiliza nikiwa nimesimama jikoni, nakula kwenye sufuria. Namwambia amsalimie sana. Samahani siombi.