Ugali wa Moto wa Pumba

Mashoka yalishanolewa. Ndaki na wenzake wanne walikaa kivulini nyuma ya jiko la shule, kila mmoja shoka lake magotini, wakisubiri nishindwe. Nikishindwa wanaingia kwenye ngitili yangu, ekari tatu za majani na miti tulizozizungushia minyaa mimi na marehemu mke wangu, Limi. Miaka kumi na minane hatujakata humo hata fito. Limi alikufa akisubiri gari la wagonjwa, nalo gari lilikuwa limempeleka mkubwa semina. Kilichobaki chetu wawili ni hiyo ngitili.

Yote yalianzia mkutanoni. Shule haikuwa na kuni, na Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bartholomeo, akasema miti iliyobaki kijijini ni ya Maganga tu, basi ikatwe, watoto wale.

Nikasimama. "Mwenyekiti, pale mashineni pumba za mpunga zimerundikana kama kichuguu. Mnazichoma bure, kijiji kizima kinakohoa. Nipeni pipa lililokatwa nusu, nitawapikia watoto kwa pumba."

"Umesoma wapi mambo hayo, Mzee Maganga?"

"Niliishia la tatu. Moto hauulizi cheti."

Watu wakacheka. Majiko banifu matatu yaliletwa mwaka juzi, yako stoo ya ofisi, yamefungiwa kufuli. Yanasubiri mgeni rasmi aje ayazindue! Hilo sikulisema, ila Mwenyekiti aliliona usoni kwangu.

"Haya," akasema. "Jumatano. Ugali wa watoto arobaini wa darasa la saba uive kabla ya kengele ya saa saba. Usipoiva, mashoka."

Alisema ugali makusudi. Maharage unabandika unaenda zako. Ugali wa kwetu Usukumani unasongwa mpaka mpishi atoke jasho la mgongo.

Jumatano nikatoboa tundu ubavuni mwa pipa, chini. Nikasimamisha gogo katikati, jingine nikalipitisha tunduni yakakutana. Nikamwaga pumba, nikashindilia kwa mchi, nikamwaga, nikashindilia, kama tulivyojaza viroba vya mchanga nilipokuwa mchimbaji Geita. Nikachomoa magogo taratibu. Likabaki shimo safi katikati. Nikawasha kwa chini.

Moto ukapanda! Wa bluu kidogo, wa njano zaidi, moshi hakuna. Watoto wakajaa madirishani mwa madarasa.

"Babu, unawaka!"

Tukabandika sufuria juu ya pipa, kufika saa tano na nusu maji yanatokota. Mpishi wa shule, Mama Amosi, mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga kasia, akakoroga uji, ukachemka vizuri. Akaongeza unga, akashika mwiko kwa mikono miwili, akasonga. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu pipa likatikisika, pumba zikaporomoka shimoni, moto ukafa. Moshi ukatufukuza wote.

Ndaki akasimama na kujinyoosha. "Mzee, tuanzie upande gani, wa kisimani?"

"Kaa chini! Saa saba bado!"

Tukatelemsha sufuria, tukaifunika magunia isipoe. Nikashindilia upya. Nikawasha, tukabandika, Mama Amosi akasonga, pumba zikaporomoka tena. Saa sita na robo.

"Mzee Maganga," akaniambia kwa upole, "nisisonge kwa nguvu?"

"Utatoa ugali wa wagonjwa. Mwenyekiti atasema haujaiva."

Nikalitazama lile pipa. Pumba hazina kosa. Kosa ni langu, nimelibebesha pipa sufuria na mpishi juu yake. Sasa kwa nini pipa libebe?

"Tofali!" nikapiga kelele. "Leteni tofali!"

Zilikuwa pale pale, rundo la nyumba ya mwalimu ambayo mwaka wa saba sasa imeishia msingi.

Mwenyekiti, aliyekuwa pembeni akitukagua, akaruka. "Hizo ni mali ya serikali!"

"Serikali imezisahau. Naziazima mpaka saa saba. Bhebhe, wewe Ndaki, weka shoka ubebe, au unapenda kula kuni?"

Watoto wakaangua kicheko. Ndaki akanitazama, akatazama sufuria, akatupa shoka. Nadhani ni njaa. Wenzake wakamfuata. Tukajenga nguzo tatu kulizunguka pipa, tope katikati ya tofali, zikapita ukingo wa pipa kwa vidole vinne. Nikashindilia pumba mara ya tatu, nikawasha. Sufuria ikakaa juu ya nguzo, pipa chini halijaguswa na kitu.

Tukaulegeza ugali kwa maji, uji ukachemka tena. Saa saba kasoro dakika kumi na tano. Mama Amosi akamwaga unga, akapanua miguu, akasonga. Nguzo kimya. Akasonga tena, sufuria ikaguna, moto unawaka tu.

"Songa, Mama Amosi!" Madirisha yote yanaimba. "Songa! Songa!"

Mwalimu wa zamu alikuwa ameshashika nondo mbele ya ringi ya gari, ndiyo kengele yetu, jicho kwenye saa. Mama Amosi akafinya kipande, akakibonyeza. Hakikunata.

"Umeiva!"

"Dakika nne zimebaki!" mwalimu akajibu.

Nikaruka, mzee mzima. Mwenyekiti akamega tonge, akalipasua kutafuta unga mbichi. Hakuuona. Akala. Akamega jingine.

"Mzee Maganga, nitaandika ripoti wilayani kwamba ofisi yangu imebuni jiko."

"Andika unavyotaka. Kwanza andika kwamba ngitili ya Maganga haiguswi."

"Kesho basi."

"Kesho yenu naijua. Leo."

Nikamfuata mpaka ofisini, tonge la moto mkononi, Ndaki na wenzake nyuma yangu kama mashahidi. Nikasimama mlangoni na kumwandikisha neno kwa neno mpaka nikasikia mhuri umegonga karatasi.