Kitambulisho Namba Saba

Saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, lango la mtandao wa hospitali liliwakataa watu wa maabara. Majibu ya vipimo yakakwama. Fundi wa seva akavua viatu, maana hufikiri vizuri zaidi akiwa peku. Shingoni alikuwa na kitambulisho cha mgeni, namba saba. Huu ulikuwa mwaka wa tisa akikivaa. Barua yake ya ajira ilikuwa bado inashughulikiwa.

Lango hilo, programu inayoamua nani apite na nani abaki nje, alilipata bure. Liliandikwa na watu wasiojuana, wakaliacha wazi, atakaye atumie, atakaye arekebishe. Fundi aliwapenda bila kuwaona. Akawaandikia tatizo lake, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi, wale walioliandika lango walikuwa wakitoka kwenye kabati la seva mmoja mmoja, wameinama wasigonge vichwa. Bibi mmoja alikuwa na theluji mabegani. Mwingine alifariki miaka minne iliyopita, ila sehemu ya nywila aliiandika yeye.

"Tuwie radhi, dada," alisema marehemu. "Mstari wa mia mbili na kumi. Kosa langu."

Mlinzi wa getini akapanda na daftari la wageni, akawavisha vitambulisho vya wageni, namba nane mpaka kumi na nne. "Utaratibu ni utaratibu," alisema, "hata kwa marehemu."

Wakaketi sakafuni. Huyu alifuta alichoandika yule, na yule akashukuru. Fundi alitazama kazi safi namna ile mpaka machozi yakamlengalenga. Kabla ya saa sita maabara ilipita, wodi zikapita, na hakuna aliyedai hata nauli.

Bibi wa theluji akaitazama shingo ya fundi. "Na wewe umetoka mbali, mwanangu?"

"Mimi ni wa hapa hapa, bibi."

Mkurugenzi akaja kushukuru. Aliwashika mikono wote waliovaa vitambulisho, kuanzia wa kumi na nne hadi wa saba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia fundi. "Karibu tena."

"Asante, mzee."

Siku hizi wageni huja kila Jumanne, na mlinzi ameongeza vikombe. Fundi huja kila siku. Getini husaini daftari, na penye sababu ya kutembelea huandika: kazi.