Alama Saba za Mama Vaisima

Saba, saba, saba. Karatasi kumi na mbili za maswali kuhusu roboti ya kuwahudumia wazee, zilizojazwa na wazee wa Kitonga wa mtaa wa Māngere, Auckland, zilirudi na alama ya juu kabisa kila mstari, na Losaline Taufa, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefanya utafiti huo, badala ya kufurahi, alitaka kulia. Roboti zenyewe alikuwa amewapelekea yeye kwa gari, akaziacha kibarazani na kurudi nyuma hatua nne, maana Auckland nzima ilikuwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Yaliyobaki aliyafuatilia kwa kamera za roboti akiwa chumbani kwake. Na kamera haina haya: alimwona Mama Vaisima, mmoja wa wazee hao, akimwagiwa chai mapajani na roboti hiyohiyo aliyoipa saba.

"Majibu haya ya saba tupu hayafai," alisema Profesa Hargreave, msimamizi wake. "Ijumaa tunafunga utafiti. Wazee wako tuwaondoe."

Kuwaondoa! Yaani roboti ijayo itengenezwe kwa ajili ya wazee wengine tu, na hawa waliomlea yeye wasihesabiwe. Jambo hilo lilimchoma.

Akampigia Mama Vaisima simu ya video. Bibi alikuwa jikoni anamenya magimbi, wajukuu wanapigana nyuma yake.

"Mama, naomba nirekodi maongezi yetu, Profesa ayasikie."

"Rekodi tu, mwanangu. Mimi sina siri."

"Roboti ilikumwagia chai. Mbona umeipa saba?"

"Tone tu lile."

"Kikombe kizima, mama. Nilikuona ukitafuta taulo."

Mama Vaisima akaweka kisu chini. "Sasa ulitaka nikupe mbili? Mtoto wa Sela, wa kwanza kanisani kwetu kusoma mpaka huko juu, mimi ndiye nikuangushe? Mama yako nitamtazama kwa jicho gani?"

Kumbe! Alama hazikuwa za roboti hata kidogo. Zilikuwa zake yeye.

"Mama, roboti sikuitengeneza mimi. Kaitengeneza Profesa."

Bibi akasogea karibu na simu.

"Si ungesema tangu mwanzo," alisema Mama Vaisima. "Ngoja nivae miwani."

Hapo akafunguka. "Inapita mbele ya watu waliokaa, haiinami, haiombi radhi. Inaniita Vaisima, utadhani tulicheza pamoja utotoni. Na kila asubuhi inaniuliza kama nina upweke. Nyumba hii ina watu tisa na choo kimoja, upweke nitautoa wapi? Ningepata hata nusu saa ya upweke ningeshukuru. Mwambie huyo Profesa kaniletea dawa ya ugonjwa wa jirani."

Dakika arobaini nzima. Losaline aliandika mpaka mkono ukamuuma, na kifua kilimjaa fahari. Vitabu vyote alivyosoma havikuwa na nusu ya maneno yale, na aliyeyasema ni mama aliyepiga deki maabara za chuo chake hichohicho kwa miaka ishirini.

Profesa alisikiliza rekodi mara mbili. Alipopiga simu, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wapigie wale kumi na mmoja waliobaki. Waambie roboti ni yangu, wasinionee haya."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa itawangoja wazee. Halafu huyo mama, muulize kama atakubali kunifundisha."

Losaline alimuuliza jioni ileile. Mama Vaisima alifikiri kidogo, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nitamfundisha," alisema. "Mwambie tunaanza na kusalimia."