Siku Ngollo Alipoacha Matusi

Kiangazi cha mwaka wa pili baada ya vita, Justus, fundi wa karakana ya reli Tabora, alipata likizo akapanda treni kwenda kwao Ujiji, kwa mama yake Veneranda. Alimshukuru Mungu kwa kila kitu: upepo wa ziwa, samaki wa mgebuka waliokaangwa kwa mawese, usingizi wa mchana usiokatizwa na king'ora. Asubuhi alioga ziwani. Jioni alikaa barazani na mama yake wakasali rozari. Kule Isevya, mtaa wa Tabora alikopanga chumba, hakukuwa na maji ya kumfika mtu magotini.

Jumapili, akitoka misa amevaa kofia mpya, alimkuta Ngollo sokoni. Ukoo wa Ngollo na wa kina Justus walikuwa watani tangu babu zao walipobeba pembe za ndovu pamoja katika njia ya Tabora. Walitukanana, walinyang'anyana vitu, na mmoja akifa ni mwenzake aliyemchimbia kaburi. Alipozikwa baba yake Justus, Ngollo alivaa suruali ya marehemu akaigiza alivyokuwa akichechemea, mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia.

"Mzoga wangu umerudi!" Ngollo alipaza sauti. "Na umenona! Huko Tabora wanakulisha pumba za nani? Utakufa lini, nimechoka kukusubiri!"

Akamvua kofia, akaijaza samaki wabichi, akaanza kuita wanunuzi. Watu wakacheka. Justus naye angecheka, akaikomboa kofia kwa tumbaku kidogo, yakaisha. Lakini aliona damu ya samaki ikiingia kwenye kitambaa, na karibu yake alisimama askari, mgeni kutoka mbali.

"Huyu ni mwizi," Justus akamwambia.

Askari akamkamata. Ngollo alikalishwa juani mbele ya kituo mpaka alasiri. Alipoachiwa alikuja moja kwa moja nyumbani kwa Veneranda, kofia ameifua.

"Shikamoo, bwana," alimwamkia Justus, naye Ngollo alikuwa na umri wa kumzaa. "Mali yako hii."

Akaondoka. Mama hakugusa chakula.

"Alinifedhehesha mbele za watu, mama."

"Alikuwa anakukaribisha nyumbani. Sasa amekutoa kwenye utani. Na mimi nani atanichimbia? Wewe na askari wako?"

Justus alisali sana. Kulipokucha alichukua tumbaku na jogoo akamfuata Ngollo ufukweni, alikokuwa akiziba mtumbwi.

"Ewe fisi, hujafa tu?" Justus alimwita. " Mkeo ananuka dagaa kuliko dagaa wenyewe!"

Wavuvi waliacha nyavu wakasubiri jibu.

"Ni kweli, bwana," alisema Ngollo. "Mungu akuzidishie. Jogoo mpelekee mama, mimi sistahili."

Kila asubuhi Justus alirudi na matusi mapya, na kila asubuhi alijibiwa kwa adabu. Akaacha kuoga ziwani, maana akiingia majini watu walimpisha kama wanavyompisha bwana shauri wa serikali. Mgebuka ukawa hauna ladha. Likizo aliyoiombea mwaka mzima akaiona ndefu.

Jioni ya kuamkia safari, mama alirudi kutoka kwa Ngollo akiburuta miguu.

"Atanichimbia," alisema.

Justus alifanya ishara ya msalaba. "Mungu asifiwe!"

"Ngoja kwanza. Anasema hawezi kufanya utani kwenye matanga yangu na wewe umekaa pale. Kwako utani umekufa, na msiba usio na utani si wa nyumba yetu. Nichague mmoja."

"Nawe ukasemaje, mama?"

Veneranda alikuwa akimfungia muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba. Hakuinua uso.

"Nimemwambia utakapopata habari, utabaki Tabora. Uniombee misa huko huko."

Mama alikaza fundo kwa meno, akamkabidhi mzigo.

"Nikutilie na chumvi?" aliuliza.