Wati za Sanduku

"Mutoto wa miezi saba wanamufungaka pa kifua ya mama yake, pembeni ya moto," alisema mama mkwe wangu, Godelieve. Mimi, Grégoire, mwalimu wa umeme, nilimjibu kwa ukali kwamba moshi ungemuua.

Ilikuwa kiangazi cha 1964, Masisi. Binti yetu, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba tu, alikuwa na siku mbili. Nilimtengenezea sanduku la mbao lenye waya wa joto, na hesabu yake niliiandika kwa chaki mlangoni: volti 220, amperi nusu, ukinzani wa waya omu 440, nguvu wati 110. Nilijisifu!

Siku ya nne maji ya mto yalipungua, na mashine ya umeme ya misheni, iliyozungushwa na maji hayo, ikatoa volti 110 tu. Niliona taa zinafifia. Nikajiambia, volti nusu, joto nusu. Nikaongeza blanketi moja, nikalala. Mjinga mimi.

Asubuhi mke wangu Céline alifungua sanduku, akapiga yowe.

Baada ya mazishi nilisimama mbele ya ule mlango, nikaandika upya. Volti 110 kwa omu 440 ni amperi robo. Robo mara 110 ni wati 27 na nusu. Joto halikubaki nusu. Lilibaki robo.

Godelieve alikuwa ameketi nyuma yangu, nguo ya kumbebea mtoto bado magotini.

"Umemaliza kuhesabu?"

"Ndiyo, Mama. Nilikosea."

"Basi unihesabie na hii, mwalimu: kifua ya mama iko na wati ngapi?"